Sauti Iliyokataa Kurudi

Pale Nyakanazi mpiga debe mwenye sauti nzuri haaminiki. Abiria akishuka kwenye gari la Kibondo na mizigo yake, wanaume wengi wanamwita kwa mpigo, na sikio lake linamchagua yule mwenye koo lililokwaruzwa. Anaona huyo ndiye aliyekaa hapo tangu alfajiri, ndiye anayejua gari lipi linaondoka kweli. Sote tulijua hivyo. Kijana mgeni akianza kazi tulikuwa tunangoja sauti yake ikatike, na ikikatika tulimnunulia chai na chapati, tukamwambia leo amezaliwa.

Ndiyo maana sauti yangu ilipokatika sikuogopa. Nilifurahi. Leo nikikumbuka furaha ile, naogopa.

Nilikuwa nimefika Nyakanazi baada ya kupita kazi nyingi. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa fimbo wala kwa kukosa sare, bali kwa sababu nilisikia kuna barabara ambako malori yanapita kwenda nchi za jirani, nami nikataka kujua yanabeba nini. Nimekuwa utingo, nimechoma mkaa, nimechunga ng'ombe wa watu huko Biharamulo, nimefyatua matofali, nimeuza dagaa. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa. Na kila balaa iliyonipata niliitibu kwa dawa moja tu, kuhama. Ugomvi na mwenye nyumba, homa za bondeni, mwanamke aliyenichoka: nilipanda gari nikaenda, na kesho yake mambo yale yalikuwa ya watu wa huko nilikotoka.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Msukuma, mkubwa wangu kwa umri. Ukoo wao ulihamia Nyamahanga na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, wakabaki na mahindi. Siku za kulima alikuwa shambani, siku nyingine alikuwa stendi. Aliniita nkoi, yaani rafiki kwa lugha yao, nami nikazoea kumwita hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na somo la kwanza halikuwa kupiga kelele.

"Usibishane na abiria," aliniambia. "Abiria ana mdomo, utachoka. Shika begi. Begi halina mdomo. Likishaingia ndani ya gari, mwenyewe atalifuata."

Ni kweli. Nimewaona watu waliokuwa wanakwenda Bukoba wakipanda gari la Kahama kwa hasira, wanatukana, wanafuata begi.

Sauti yangu ilikatika mvua za kwanza zilipoanza. Asubuhi ile nilifungua mdomo kuita Kahama, kikatoka kitu kama mlango wa bati unaoburutwa.

"Nkoi, leo umenguruma!" mwenzangu alicheka. "Dereva wa lori lile ameshuka kuangalia injini."

"Ni vumbi."

"Vumbi gani na mvua imenyesha? Hiyo ni sauti ya kazi. Mpiga debe mwenye sauti nyororo huyo ni wa kuimba harusini. Ishike hiyo, usiipoteze."

Nikaishika. Nilikunywa mayai mabichi, nikatafuna tangawizi, nikasukutua maji ya chumvi, nikaongeza gongo kidogo, maana walisema inasafisha bomba. Sigara sikuacha. Duka la dawa lililo nyuma ya vibanda vya chakula walinipa vidonge vya rangi mbili, nikavimaliza. Ilikuwa ikipata nafuu siku za magari machache, halafu inazama tena.

Baadaye sikio la kushoto likaanza kuuma. Si maumivu makali. Lilikuwa linachoma kwa ndani, kama mtu anayeligusa kwa sindano halafu anaiondoa, hasa nikimeza mate. Yule wa duka la dawa aliniinamisha kichwa, akamulika kwa tochi ya simu.

"Sikio lako safi," alisema. "Safi kama la mtoto aliyeogeshwa."

Nikafurahi tena.

Lakini mwenzangu alikuwa ameanza kunitazama kwa pembeni. Siku moja tulikuwa tunakula wali maharage, akaweka kijiko chini. "Nkoi, nenda kwenu ukapumzishe koo. Kaa usiseme na mtu. Ukirudi nakupa mlango wa gari la Kahama, mimi nitashika Kibondo."

Kwetu ni Keza, kule vilimani Ngara. Wazazi walishafariki, aliyebaki ni shangazi, dada wa baba, anayekaa peke yake na migomba yake, kahawa kidogo na shamba la maharage upande wa mteremko. Nilifika wakati maharage yanachanua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akageuza kichwa nyuma yangu kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

"Baba, ni wewe uliyesema?" Shangazi huniita baba, kwa sababu nimechukua jina la baba yake.

"Ni mimi. Ni kazi, shangazi. Itarudi."

Nilikuwa nimejipangia mtihani wangu mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nilijiambia hivi: kama ni kelele za stendi zilizoila sauti, basi nikinyamaza itarudi. Keza hakuna wa kumpigia kelele. Nilipalilia, nilikata majani ya migomba yaliyokauka, niliteka maji, na shangazi akinena nami nilijibu kwa kichwa au kwa mkono. Watu wa njiani walifikiri nimepata maringo ya barabarani.

Kila asubuhi nilikwenda mwisho wa shamba, mahali ambapo hakuna masikio, nikaita jina la mji mmoja. Kahama. Kila asubuhi lilitoka lile bati. Baadaye bati lenyewe likapungua, ikabaki pumzi.

Jumapili moja tulikwenda kigangoni kusali. Walianzisha wimbo ninaoujua tangu utoto, ule ambao hata mlevi anauimba. Nilifungua mdomo pamoja na wengine. Nilihisi mbavu zinasukuma, shingo inakaza, na hakuna kilichotoka. Mama mmoja wa mbele aligeuka, si kwa kusikia sauti, bali kwa kusikia upepo kisogoni mwake. Hapo ndipo hofu ilipoingia. Maana sikuwa nimepiga kelele. Nilikuwa nimenyamaza kwa kipindi ambacho maua ya maharage yamekuwa maganda, na sauti imekataa kurudi. Basi haikuwa kazi. Kama haikuwa kazi, ni nini?

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Sijawahi kupita mbele ya chombo kinachofanya kazi bila kuuliza kinafanyaje. Hilo swali moja sikutaka kuliuliza.

Shangazi aliliuliza kwa njia yake. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo, naye alikuwa ananitazama.

"Kwa nini unameza kama kuku?"

"Kama kuku vipi?"

"Unageuza shingo upande ule, unafumba macho, ndipo unameza. Na tonge unalichovya mpaka linakuwa uji."

Sikuwa nimejua. Nilijaribu tonge kavu, huku shingo nimeinyoosha mbele yake. Liliteremka nusu, likasimama. Nikanywa maji, nikaona macho ya shangazi yamejaa.

Kwetu, mtu akikohoa asipone, au mtoto akitapika hovyo, husemwa kimeo kimerefuka, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Dawa yake ni kukikata. Shangazi alikatwa akiwa mtoto, baba alikatwa, mimi nilikuwa nimenusurika kwa sababu ya utundu wa kukimbia. Kesho yake mchana akaja mkataji, mtu mpole, na chuma chake chembamba kilichopinda mwishoni mfano wa mundu wa mwanasesere. Alinikalisha mlangoni nielekee jua.

"Sauti inatoka kwenye kimeo?" nilimuuliza kwa kunong'ona.

"Kimeo kikirefuka kinaziba njia. Fungua."

"Lakini ninapohisi mimi ni chini, hapa."

"Fungua mdomo, mwanangu. Maswali tutaulizana ukipona."

Nilifungua. Nilihisi chuma kikigusa nyuma ya ulimi, koo likataka kutapika, halafu joto. Alinionyesha kile kinyama juu ya jani la mgomba, kidogo, chekundu, hakina kosa lolote. Nilikitazama sana. Nilitamani kiwe kimevimba, kiwe kibaya, kiwe na sura ya adui. Kilikuwa kinyama tu. Nikajua tumekata kitu kisichohusika, na kinachohusika bado kiko mle ndani, chini zaidi, kinanisikiliza.

Jeraha liliniweka kitandani kwa homa. Hata maji yalipita kwa machozi. Shangazi alikuwa ananikanda shingo kwa kitambaa cha maji moto, asubuhi na jioni, akiomba rozari kwa sauti ya chini. Asubuhi moja mkono wake ulisimama, na sala nayo ikasimama katikati ya neno.

"Hapa pana nini?"

"Wapi?"

Alichukua kidole changu akakipeleka. Upande wa kushoto, chini ya taya, palikuwa na kitu. Kigumu, kama kokoto lililofunikwa ngozi. Nilikisukuma, hakikusogea.

"Kinauma?"

Nilikibonyeza kwa nguvu. "Hakiumi."

Nikafurahi kwa mara ya mwisho. Kitu kisichouma, nilijiambia, hakina ubaya. Jipu huuma, jino huuma, mguu uliovunjika huuma. Nilimwambia shangazi, "Afadhali." Alifunga rozari kwenye upindo wa kanga, akatoka nje akamwita kijana wa bodaboda wa jirani.

Hospitalini Ngara aliyenipokea alikuwa tabibu wa kike, mdogo kwangu kwa umri, macho yamechoka kwa kazi. Alinisalimia, "Shikamoo kaka," akaniacha nikae, kisha akaanza kuuliza. Nimeulizwa maswali na askari wa vizuizi vingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuogopa majibu yangu mwenyewe namna ile.

"Sauti imekauka tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na sasa watu wanavuna maharage." Aliandika. "Chakula kinakwama?"

"Ugali unakwama. Uji unapita."

"Umepungua?"

Nilimwonyesha mkanda wangu, matundu mapya niliyotoboa kwa msumari.

"Sikio linauma?"

"La kushoto. Lakini limeangaliwa, ni safi."

"Najua ni safi," alisema. "Koo na sikio vina mishipa ya fahamu inayokutana. Kitu kikikaa chini, kinaweza kupiga hodi juu. Sikio moja tu likiuma na ndani halina kitu, mimi natazama koo." Akavaa glavu, akapitisha vidole shingoni mwangu taratibu, akasimama pale pale aliposimama shangazi. "Na huu uvimbe, unauma?"

"Hauumi hata kidogo!" nilisema kwa haraka, kama mtuhumiwa aliyepata shahidi.

Aliacha kalamu. "Kaka, ningependa ungeuma."

Sikuelewa. Nadhani aliona, maana alivuta kiti karibu. Aliniambia kwamba uvimbe unaouma, laini, uliokuja na mafua au jino bovu, mara nyingi huondoka na ugonjwa uliouleta. Unaotisha ni mgumu, usiosogea, usiouma, unaobaki na kuongezeka. Na kwamba sauti ikikauka ikapita wiki tatu, mwenyewe awe mwalimu, mchungaji au mpiga debe, lazima mtu aangalie ndani. Kidonda cha mdomoni kisichopona, vivyo hivyo. Damu mateni, vivyo hivyo. "Na ukianza kuvuta pumzi kwa mluzi," alisema, "hapo usingoje hata basi la kesho. Unakuja hospitali iliyo karibu saa ile ile."

"Ni kansa?" Neno lile nililisema kwa pumzi, sauti haikuwepo ya kulisemea.

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui, na hapa sina chombo cha kunifanya nijue. Mwanza wanacho, mpira mwembamba wenye kamera, unapita puani. Nenda wiki hii. Usipitie kwa mtu yeyote mwenye kisu." Alikuwa ameona jeraha la kimeo, na hilo ndilo neno pekee alilolisema juu yake.

Shangazi alitaka kunisindikiza. Nilimkatalia, maharage yalikuwa yanapasukia shambani. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa peke yangu na mlango wa gari.

Basi la Mwanza lilisimama Nyakanazi ili watu wale. Nilijua tangu tulipoanza safari kwamba litasimama, na njia nzima nilikuwa naifikiria ile dawa yangu ya zamani. Upande wa pili wa barabara palikuwa na lori la kwenda Kibondo, injini inanguruma, utingo anafunga turubai. Kule hakuna anayenijua. Kule ningepata kazi ya kubeba, kazi isiyotaka sauti. Mtu asipoangaliwa hana ugonjwa, ana koo baya tu. Ndivyo nilivyofikiri, na mikono yangu ilikuwa imeshachukua begi lenye karatasi ya rufaa. Nikashuka.

"Nkoi!" Mwenzangu alinijia mbio kati ya wauza mahindi ya kuchoma. "Mwenye mlango wa Kahama amerudi! Mbona umekuwa mwembamba hivi, Keza hawapiki? Au shangazi anakulisha rozari?"

Nilijaribu kumjibu. Alinikaribia asikie, kicheko bado kiko usoni, halafu kikamtoka. Nilikuwa nimetembea hatua chache tu kutoka garini, na pumzi yangu ilikuwa nzito. Aliinua mkono mzito wa jembe akanigusa shingo, akapapasa, akafika.

"Hiki ni nini?"

"Wanataka niende Mwanza wakakitazame."

"Na begi hili linakwenda wapi?"

Nilitazama lori la Kibondo. Naye akalitazama. Mtu aliyekaa stendi maisha yake yote anajua abiria anataka kwenda wapi kabla mwenyewe hajasema.

"Naogopa, nkoi," nilimwambia.

Hakubishana nami. Alinipokonya begi, kamba ikanikata kiganja, akakimbia nalo kuelekea basi huku anaita kwa sauti yake ya stendi, "Mwanza, Mwanza hii! Mmoja wa haraka! Nafasi, kondakta, mgonjwa huyu!" Akalirusha ndani, likapita juu ya vichwa vya watu hadi viti vya nyuma. Basi likaanza kujongea. Nilisimama barabarani mikono mitupu. Shati langu la pili lilikuwa mle, na karatasi, na maparachichi ya shangazi. Nikalifuata. Nilipanda natukana kimoyomoyo, kama walivyopanda wote niliowapandisha mimi.

Mpira ule ulipita puani kweli. Daktari aliniacha nitazame kwenye kioo cha mashine, kwa sababu niliomba. Niliona mlango wa sauti yangu, nyuzi mbili nyeupe, na juu ya moja kitu kilichokunjamana kama ua la maboga lililooza. Walichukua kipande. Siku za kungoja jibu sitaziandika, sikuwa mtu siku zile. Jibu lilikuwa ndiyo. Walisema kansa imefika shingoni lakini haijakwenda mbali, na kwamba ningekaa msimu mmoja zaidi wangekuwa wanazungumza nami habari ya kunitoboa koo nipate kupumua. Nilipata mionzi na dripu za dawa mpaka ngozi ya shingo ikawa nyeusi na mate yakanikauka. Sigara iliisha hapo.

Sauti ilirudi nusu. Si ya stendi, wala si ya harusini. Nakaa Nyamahanga sasa, kwenye chumba cha uani kwa mwenzangu, nalima naye. Watu hawaamini kwamba nimekaa mahali pamoja muda huu. Yeye bado anapiga debe. Kijana mgeni akikatika sauti, chai anamnunulia bado, lakini anamuuliza tangu lini, na zikipita wiki tatu anamwambia kazi basi, twende tukaangaliwe.

Mimi hofu haijaniacha. Asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, nakwenda mwisho wa mahindi naita Kahama, nasikiliza. Naoga huku vidole vinatafuta chini ya taya. Sikio likiwasha kwa mdudu tu, chakula hakiteremki siku nzima. Na inapofika zamu ya kwenda Mwanza kuangaliwa tena, tunakwenda wote wawili Nyakanazi kungoja basi, na malori ya Kibondo yako pale pale yananguruma, nami nayatazama. Mwenzangu anachukua begi langu mapema, basi likiwa halijasimama vizuri.